Upinde wa Kukulia

Shangazi alikuwa fundi wa sare za shule, na katika kazi yake alikuwa na imani moja isiyoyumba: mtoto hashonewi nguo ya leo, hushonewa ya kukulia. Mabega yashuke kidogo, mikono ifunike vidole, pindo la chini likunjwe mara mbili ili likifunguliwa mwakani gauni lionekane jipya tena. Wazazi walimpendea hilo. Watoto, ambao ndio waliozivaa hizo nguo, hakuna aliyewauliza.

Aliyeionja imani hiyo kuliko wote ni Kidoti, binti wa kaka yake, aliyelelewa na Shangazi tangu baba yake alipopata kazi ya mbali. Kidoti alikuwa na miaka kumi, kidoti cheusi juu ya mdomo kilichompa jina, na kabati zima la nguo za mtoto wa miaka kumi na miwili. Viatu vyake vilijazwa pamba kwa mbele. Koti lake la mvua lingetosha kufunika baiskeli. Wala hakulalamika, alikuwa ameshajifunza kuishi ndani ya nguo zake kama mpangaji mmoja kwenye nyumba kubwa.

Basi Shangazi alipomnunulia upinde, mtu asiulize alichagua wa kimo gani.

Mambo yalianzia kwenye pazia. Ukumbi wa michezo wa mtaani ulikuwa na darasa la watoto la kulenga shabaha kwa mishale, na mwalimu wao alihitaji pazia zito la kuning'inia nyuma ya shabaha ili likamate mishale inayopotea. Kazi akapewa Shangazi. Alilishona kwa turubai, akatia blanketi nene katikati, akapiga mshono mara mbili kila mahali, kisha akaenda kulitundika mwenyewe, akipitia mlango wa stoo ya nyuma kwa kuwa mzigo ule haukupita mbele. Kidoti alikwenda kumshikia pini. Alipowaona watoto wenzake wamesimama kwenye mstari, kimya, kila mmoja na upinde wake, pini zote zikamwagika.

Tangu siku hiyo nyumbani hapakuwa na hadithi nyingine. Mishale wakati wa chai, mishale wakati wa kuosha vyombo. Shangazi, ili apate kupumua, akaahidi kwamba akifanya vizuri mtihani atampatia upinde wake mwenyewe. Akafanya vizuri, tena sana.

Kwenye duka la vifaa vya michezo muuzaji aliuliza mtoto ana kimo gani. Shangazi akaonyesha kwa kiganja, halafu akakipandisha kiganja kidogo kwa ajili ya mwakani, halafu kidogo tena kwa kuwa watoto wa ukoo wao hurefuka ghafla. Akatoka na upinde mweusi unaong'aa, mrefu kumshinda Kidoti, na akaubeba mtaa mzima bila kuufunga kwenye gazeti, ili watu wauone.

Mwalimu wa ukumbini alikuwa mama mfupi mwenye sauti ndogo na filimbi shingoni. Watoto walimwita Bi Shusha, kwa sababu ndilo neno lililomtoka zaidi kinywani. Alimkaribisha Shangazi vizuri, akalisifu pazia, kisha akautazama ule upinde kwa muda mrefu kidogo kuliko Shangazi alivyopenda, akauliza ni wa nani. Shangazi akajibu kwa fahari kwamba ni wa mtoto, wa kukulia.

Bi Shusha hakubisha. Alimvalisha Kidoti kinga ya mkono, akamsimamisha mstarini, akahakikisha hakuna mtu mbele, akampachikia mshale. Akamwambia avute kamba mpaka kidevuni, atulie hapo wakati yeye anamsalimia, halafu airudishe kamba taratibu bila kupiga.

Kidoti akavuta. Alivuta kwa mikono, kwa mgongo, kwa meno. Bi Shusha alikuwa bado anauliza habari za shule wakati mtoto ameshapinda kama anayepandisha ndoo kisimani, na ncha ya mshale inacheza huku na huko. Alipoambiwa arudishe, hakuweza. Sasa kamba ndiyo iliyokuwa inamvuta yeye. Bi Shusha, aliyejua litakalotokea na kujisogeza mapema, akaishika kamba pamoja naye wakaishusha wote wawili.

Shangazi akasema atazoea tu. Viatu vyenyewe huzoeleka.

"Kuvuta si kazi, dada yangu," Bi Shusha alisema. "Hata mtu mwenye hasira anavuta. Upinde unakuwa wako siku unapoweza kuurudisha. Mtoto akishindwa kushusha, kinachobaki ni kuachia tu, hata kama mbele kapita mtu."

Shangazi alicheka moyoni. Aliona ni mchezo wa ajabu huu, mtoto kufundishwa kwanza kutopiga. Ili kuonyesha kwamba upinde hauna tatizo, akauchukua mwenyewe. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyesukuma pasi nzito na kukata vitambaa vya jora zima maisha yake yote. Upinde ukavutika kama utani. Akaiachia kamba, na mshale hakuwa ameweka.

Mlio uliotoka uliwafanya watoto wote wagande. Bi Shusha alifumba macho, akayafumbua, akauchukua upinde na kupitisha kidole urefu wake wote akitafuta ufa. Kisha akaeleza, kwa upole ambao ulimchoma Shangazi kuliko matusi, kwamba ile nguvu ambayo ingeondoka na mshale, mshale usipokuwepo hurudi ndani ya upinde wenyewe, na upinde unaweza kupasuka usoni mwa aliyeushika. Kitoto kimoja kifupi, hata meno ya mbele hakina, kikamwambia bila kejeli yoyote, "Hiyo ndiyo tunayofundishwa siku ya kwanza, mama." Shangazi akaona soo hadi masikio yakamwaka moto.

Kidoti akapewa upinde wa ukumbi. Kilikuwa kijiti chembamba cha rangi ya manjano, mpini wake umezungushwa plasta kuukuu, kitu ambacho hata kuku asingekikimbia. Akakivuta mpaka kidevuni, akasalimiwa, akaitikia salamu zote pamoja na habari za nyumbani, akakishusha bila mtikisiko. Alimgeukia Shangazi huku uso wote ni meno. Shangazi alijilazimisha kutabasamu, akaondoka na upinde wake mweusi kwapani, na safari hii aliufunga kwenye gazeti.

Akautundika dukani, ukutani, juu ya cherehani. Wateja waliuliza, naye alijibu kwamba mwenyewe anakua. Lakini Shangazi hakuwa mtu wa kushindwa kirahisi hivyo. Jioni, kabla ya kufunga duka, alimwambia Kidoti auteremshe upinde auvute kidogo, bila kuachia, apate nguvu. Kidoti alimpenda shangazi yake, tena aliona jinsi alivyoumia siku ile. Akawa anavuta, kila jioni, kimya kimya, bega likimpanda hadi sikioni.

Ukumbini wakati huo Bi Shusha alikuwa ametangaza kwamba atachagua watoto wachache wa kuuwakilisha ukumbi kwenye mashindano. Kidoti alilitaka jambo hilo kwa namna ambayo hakuwahi kutaka kitu kingine. Alikuwa analala na kinga ya mkono mkononi. Na ndipo mishale yake ilipoanza kutawanyika. Mmoja juu, mmoja chini, mmoja kwenye pazia la Shangazi. Bega lilipanda lenyewe hata kwa kile kijiti cha manjano. Bi Shusha alimuuliza kama nyumbani anavuta upinde mwingine. Mtoto akatazama viatu vyake vyenye pamba. Hakutaka kumchongea shangazi yake.

Basi Bi Shusha akaja dukani, eti anatafuta vifungo. Alichagua vifungo viwili vitatu, akatupa jicho ukutani, akaona upinde unaning'inia na kamba yake imefungwa, tayari kwa kazi. Akavirudisha vifungo mezani.

"Sikuja kugombana," alisema. "Ila sitamsimamisha mstarini siku ya kuchagua kama bado anavuta huu. Nguo ikipasuka unatia kiraka. Bega la mtoto likiharibika, mimi na wewe tutalitia nini?"

Shangazi alikuwa na jibu. Huwa analo daima. Lakini neno kiraka lilimkuta mahali pake, akauweka mkasi mezani. Akauliza, kwa sauti ya kununa, kama basi katika mchezo wao mzima hakuna hata kitu kimoja cha kukulia.

Kumbe kipo. Bi Shusha akamwomba futi, akamsimamisha Shangazi mwenyewe katikati ya duka, akamnyoosha mikono mbele na kumpima kutoka kifuani hadi ncha za vidole, na akapima sawasawa, bila kulegeza wala kubana futi, jambo ambalo Shangazi alilitambua mara moja na kulivulia kofia. Akaeleza kwamba mshale wa mtoto lazima uzidi urefu wa mvuto wake, tena uzidi vizuri, kwa sababu mikono hurefuka bila kuaga. Mshale ukiwa mfupi, siku moja ncha yake itavutwa ikapita nyuma ya upinde, na ikiachiwa itaingia kwenye mkono ulioushika. Mshale ndio wa kukulia. Upinde ni wa leo.

Alipoondoka, Shangazi alipanda kwenye kiti akaifungua kamba ya ule upinde. Akaitia kwenye droo ya nyuzi, chini kabisa. Jioni Kidoti alipokuja na kuinua macho ukutani, aliambiwa akakunje sare za watu.

Tangu hapo Shangazi akawa anahudhuria ukumbini, kwa kisingizio cha kukagua pazia lake. Alikaa nyuma ya kamba ya wazazi na kushona vifungo magotini, na taratibu mikono ikasahau vifungo. Alikuwa amelea na amevalisha watoto wa mtaa mzima na hakuwahi kuwaona hivi. Filimbi ikilia mara moja, wanapiga. Ikilia tena, pinde zinawekwa kwenye vishikio, na hakuna anayesogea mpaka ilie mara ya tatu. Kufuata mishale walitembea, hata wale ambao nje ya mlango ule hawakujua kutembea ni nini. Mtoto aliyechomoa mshale alitanguliza kiganja kwenye shabaha, akageuka kuona kama nyuma yake hakuna jicho la mtu, ndipo akavuta. Mtu akidondosha mshale mbele ya mstari aliuacha palepale, hata kama ulikuwa umbali wa kidole. Na ilikuwepo sheria iliyomshangaza Shangazi kuliko zote: mtu yeyote akiona hatari, hata kile kitoto kisicho na meno, akisema "shusha", wote wanashusha, akiwemo mwalimu. Hakuna kuuliza kwa nini. Maswali baadaye.

Na Bi Shusha mwenyewe hakupaza sauti hata siku moja. Shangazi, ambaye sauti yake ilisikika hadi kwa kinyozi wa upande wa pili wa barabara, alimhusudu kwa hilo, na nyumbani akaanza kumsifu bila kujijua. Bega la Kidoti likateremka. Mishale ikarudi nyumbani, mmoja baada ya mwingine, karibu na njano ya katikati.

Siku ya kuchagua wazazi walijaa. Kidoti alikuwa amesimama katikati ya mstari na kijiti chake cha manjano, mikono mirefu ya shati lake imebanwa kwa mpira isinaswe na kamba. Alikuwa anakwenda vizuri. Watoto wawili walimzidi, wengine walikuwa wanamfukuzia kwa karibu, na mzunguko wa mwisho ndio ungeamua. Shangazi alikuwa roho mkononi, akajaribu kutazama kila kitu isipokuwa mtoto wake, na katika kutazama huko macho yakaangukia pazia.

Chini, karibu na shabaha ya katikati, mshono wake ulikuwa umefumuka.

Mtu ambaye si fundi hatalielewa hili. Uzi ulining'inia pale mbele ya wazazi wote, kwenye kazi yake, na mwanga wa stoo ulipenya kwenye upenyo kama ulimi uliotolewa nje. Shangazi alivumilia kidogo. Halafu akaichomoa sindano kwenye kola yake, akatoka taratibu, akazunguka korido hadi mlango wa stoo anaoujua mwenyewe. Hakuwa mwehu, alikuwa na hoja. Pazia ni nene, alilishona kwa mikono yake, na yeye atakuwa nyuma yake. Angeushika mshono kwa ndani, pini moja, asingeonekana na mtu. Alichosahau ni kwamba pazia lilikuwa nene kila mahali isipokuwa hapo alipokuwa anakwenda.

Akapiga magoti pale stoo, nyuma ya pazia. Akapitisha vidole kwenye upenyo, kisha, ili aone umefumuka hadi wapi, akapitisha uso.

Aliuona ukumbi kutoka upande ambao hakuna mtu anayepaswa kuuona. Mstari wa watoto, wote wamevuta. Na katikati kabisa, Kidoti, kamba kidevuni, jicho moja nyuma ya mshale, na ncha ya mshale ule ikimtazama yeye.

Shangazi hakuweza kurudi nyuma, hakuweza hata kupiga kelele. Alichokumbuka baadaye ni mkono wa mtoto. Haukutetemeka. Ulikaa pale pale, umevutwa hadi mwisho, kwa muda ambao ulitosha jicho kuona, na kichwa kuelewa, na moyo kugutuka. Halafu kamba ikaanza kurudi, taratibu, kama alivyofundishwa, mpaka upinde ukanyooka na ncha ikatazama sakafu.

"Shusha," Kidoti alisema. Sauti ilikuwa ndogo, sauti ya mwalimu wake kabisa.

Na mstari wote ukashusha. Hakuna hata mshale mmoja ulioondoka.

 Shangazi alikaa sakafuni stoo, na wazo lililomjia ni moja tu, nalo lilimjia wazi kabisa: angekuwa na ule wa ukutani, mshale ungekuwa umeshaondoka kabla mtoto hajajua amemwona nani. Na mtoto wa miaka kumi angeishi na jambo hilo maisha yake yote, jambo ambalo yeye Shangazi alimnunulia, kwa mapenzi, na kulibeba mtaa mzima bila kulifunika.

Bi Shusha alimfuata huko, akamshika mkono, akamtoa. Hakufoka. Aliwaambia wazazi kwamba mlango ule ulipaswa kufungwa kwa ufunguo na kosa hilo ni lake, na watoto wakae chini mpaka pazia litakapokwisha kushonwa. Akamletea Shangazi kigoda, na Shangazi akaushona mshono ule mbele ya ukumbi mzima, mara tatu badala ya mbili, akilia waziwazi bila kufuta. Hakuna aliyecheka. Kitoto kisicho na meno kilimshikia uzi.

Kidoti alirudishiwa mshale wake. Sasa ndipo mkono ulipotetemeka. Mshale ukaangukia kwenye rangi ya nje, na baadhi ya waliokuwa wanamfukuzia wakampita. Majina ya waliochaguliwa yaliposomwa, lake lilikuwa la mwisho, likiwa limeponea chupuchupu. Shangazi alitaka kuruka, lakini alimwona mtoto anatembea, hakimbii, kwenda kuweka upinde kwenye kishikio kwanza, akakaa akamsubiri.

Bi Shusha akamwomba Shangazi awashonee timu mashati. Akaongeza, bila kutabasamu, kwamba ule upinde mweusi amefikiria sana ni wa nani, na kwa mikono aliyoiona siku ile ya kwanza, mwenyewe yupo na hana haja ya kukua. Darasa la watu wazima ni Jumamosi. Ila ataanza kwa kujifunza kushusha.

Kesho yake, saa za mchana, Shangazi alimwita Kidoti dukani, akamsimamisha mbele ya cherehani akachukua futi. Kidoti alinyoosha mikono, akavuta pumzi ya kujaza kifua na kujirefusha kwenye ncha za vidole vya miguu, kama alivyofanya kila alipopimwa tangu akiwa mdogo, ili nafasi ya mwakani ipatikane.

"Shuka," Shangazi alisema. "Pumua kawaida."

Akapima bega lilipokuwa. Akapima mkono hadi kwenye kifundo, akatia alama ya chaki hapo hapo, asiongeze hata upana wa ukucha. Kidoti aliitazama ile chaki kwa wasiwasi, akadhani shangazi yake bado hajapona mshtuko wa jana.

"Shangazi, nikikua je?"

"Ukikua nitashona nyingine."